Mkono wa Mwaka Jana

Gari lilikuwa likitoa mkia mapema mno. Tusekile aliliona hilo kabla mzee hajafungua kinywa: nyuma ilichomoka wakati barabara bado imenyooka, na saluni nzima, gari dogo jepesi, ikaanza kwenda ubavu mita ishirini kabla ya kona.

"Linaniharakisha," alisema Mzee Gwakisa bila kuondoa macho kwenye skrini. "Mimi silitumi, linajituma lenyewe."

"Nimeona, baba. Simamisha kidogo."

Mzee akaliegesha pembeni mwa barabara ya gemu, barabara ya milimani yenye kona kumi na tisa na ukungu uliolala bondeni. Nje ya dirisha, huko Tukuyu kwenyewe, ukungu ulikuwa umelala vilevile. Karakana ya Tusekile ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbolea: kiti cha dereva kilichofungwa kwenye fremu ya chuma, usukani, pedali tatu, hendibreki ndefu, na skrini iliyozunguka kiti kutoka bega hadi bega. Hapakuwa na gari hata moja humo ndani. Hata hivyo watu walimwita fundi magari na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu kutoka Makambako hadi Tunduma madereva wa gemu walimtumia yeye awasetie magari yao kwa ajili ya ligi ya drifti, mchezo wa kutelezesha gari ubavu kwenye kona.

Alifungua ukurasa wa mipangilio. Akapunguza upepo wa matairi ya nyuma ili yashike lami zaidi, akalegeza springi za nyuma, akasogeza nguvu ya breki upande wa mbele. Difu, gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, hakuigusa. Aliiacha imefungwa, magurudumu mawili ya nyuma yakizunguka kama kitu kimoja, maana difu ikiachwa huru gari la drifti halitelezi. Linazungusha tairi moja, linatoa moshi, na mwisho wa yote halijaenda popote. Kisha akatazama mwinamo wa matairi ya mbele, akauongeza nukta mbili.

"Sasa usukani ukifika mwisho, tairi la mbele litalala lote kwenye lami," alisema. "Jaribu."

Mzee Gwakisa akaingia barabarani. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na thelathini kati ya hiyo aliimaliza kwenye malori, Tunduma hadi Dar na kurudi. Alivuta hendibreki mara moja, fupi, akaachia, na saluni ikalala ubavu kama ilivyotakiwa, pua ikitazama mlima huku mwili ukienda na barabara. Mikono yake ndani ya zile glavu nyembamba za kijivu ilipishana juu ya usukani bila papara. Kona ya kwanza ikamkabidhi kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, na kufikia ya kumi na tisa Tusekile alijikuta amesahau kuandika chochote.

Alama tisini na nne kati ya mia.

"Hilo sasa ni gari," mzee alisema, akavua glavu.

Tusekile akamletea chai. Mzee hakuinua kikombe. Alikiacha mezani, akainama, akanywa kwa kukifuata kwa mdomo, na mkono wa kulia aliuweka chini ya paja ambako haukuonekana vizuri. Hata hivyo meza ilitetemeka kidogo.

"Barua ya leseni imekuja," alisema alipoinuka. "Wameniongezea mwaka mzima. Leseni ya mkono."

Tusekile alikuwa anaijua sheria hiyo, kila mtu aliijua. Magari mengi ya mijini yalikuwa yanajiendesha yenyewe, lakini barabara za milimani zilikuwa bado hazijawekewa alama za kuyaongoza, na huko mtu alihitaji leseni ya kuendesha kwa mkono. Aliyevuka miaka sitini na tano alitakiwa kuonyesha kwamba mkono wake bado upo. Zamani walikuwa wakiitwa ofisini kufanyiwa mtihani. Siku hizi ofisi ya leseni ilipokea alama za ligi yoyote iliyosajiliwa, kwa hoja kwamba glavu za gemu zinapima mkono vizuri kuliko jicho la askari. Sabini na kuendelea, unapita.

"Jumamosi ya wiki ijayo mjukuu wangu anaolewa Kyela," mzee aliendelea. "Nawapeleka mwenyewe na pikapu yangu. Mama Lusajo mbele, wajukuu wawili nyuma yetu. Lusajo anataka kunikodia gari na dereva, nikamwambia mwanangu, nimeteremka mlima ule nikiwa na tani thelathini mgongoni, sembuse wajukuu wawili na mikeka."

"Na mikono, baba?"

Aliuliza polepole. Mzee hakukasirika.

"Mikono inatetemeka kwenye vitu vidogo. Kijiko, kikombe, vifungo vya shati. Lakini nikishika usukani inatulia. Wewe mwenyewe si umeona sasa hivi?"

Alikuwa ameona. Hilo ndilo lililomsumbua alipomsindikiza hadi kwenye ngazi.

* * *

Aliporudi alikaa kwenye kiti chenye joto la mzee, akafungua kumbukumbu za glavu.

Glavu zile hazikusubiri kidole kisogee. Zilisoma amri kwenye mishipa ya fahamu ya kifundo cha mkono, amri ikiwa bado njiani, na kuipeleka kwenye gari. Kwa mtu mwenye mtetemo kulikuwa na chujio, programu ndogo iliyotenganisha amri ya kweli na mtetemo na kuutupa mtetemo. Tusekile ndiye aliyemfungia mzee chujio hilo miaka miwili nyuma, kwa cheti cha daktari na kibali cha ligi. Lilifanya kazi vizuri. Lilijifunza. Kadiri mzee alivyoendesha, ndivyo lilivyomjua: anavyorudisha usukani, anapoachia mafuta, anavyoivuta ile hendibreki fupi fupi.

Lilichofanya baada ya hapo hakikuwa kosa la mtu. Amri ikija dhaifu au ikija imevunjika, chujio lilijaza pengo kwa kile ambacho mkono uleule ungefanya. Mapengo yalipokuwa machache, ulikuwa msaada.

Tusekile alihesabu marekebisho ya usukani ya asubuhi ile, kona kwa kona. Katika kila mia, ishirini na tisa yalitoka kwenye mkono wa Mzee Gwakisa. Sabini na moja yalitoka kwenye chujio.

Akarudi nyuma, mwezi baada ya mwezi. Mwaka uliopita wakati kama huu chujio lilikuwa likijaza nane katika mia. Mwezi wa tatu mwaka huu ikawa arobaini. Ugonjwa ulikuwa umeshuka taratibu, na kila ulipochukua kitu chujio lilirudisha kilekile mahali pake, na mwenye mikono hakuhisi kitu. Mtu aliyekuwa akipata tisini na nne mle ndani alikuwa Gwakisa wa mwaka jana.

Alimpigia simu msimamizi wa ligi, Bwana Anyosisye, mtu mpole aliyewahi kuwa mwalimu wa hesabu.

"Kanuni inaruhusu msaada wa afya," Anyosisye alisema baada ya kumsikiliza. "Haisemi msaada unaishia wapi. Mimi sina pa kumkamatia, wala wewe."

"Anataka kuteremka Kyela na watoto."

"Hayo sasa si mambo ya ligi, dada yangu. Ni mambo ya familia yao na ofisi ya leseni."

"Ofisi ya leseni inatumia alama zenu."

"Najua," alisema Anyosisye, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua kweli. "Fikiria vizuri tu. Yule mzee alikuwa amekaa ndani mwaka mzima bila kuongea na mtu, mkewe ndiye aliyenisimulia. Hii gemu ndiyo iliyomtoa kitandani. Ukimwondolea, uwe umejua utamwachia nini."

Tusekile alikaa na maneno hayo hadi duka la mbolea chini lilipofungwa. Kisha akapata wazo ambalo lilionekana la huruma. Angepunguza chujio kidogo kidogo, asimwambie. Alama zingeshuka zenyewe, themanini na tano, sabini na tano, sitini na tano. Mzee angeona mwili umechoka, kama unavyochoka wa kila mtu, angeiacha pikapu kwa hiari yake, na hakuna ambaye angelazimika kumtazama usoni na kumwambia.

Akapunguza chujio kwa sehemu moja ya tano. Akafunga karakana.

* * *

Jumanne mzee alipata sabini na nane.

Alitazama namba hiyo kwa muda, akadhani amesoma vibaya. "Ngoja nirudie," alisema. Akarudia. Sabini na sita. Kwenye kona ya kumi na moja usukani ulimchelewea, gari likapanda ukingo, akalirudisha kwa shida.

"Ni gari?" aliuliza.

"Gari ni lilelile, baba."

Neno hilo lilikuwa la kweli, na Tusekile hakuwahi kusema uongo mbaya kuliko huo.

Mzee akarudia tena. Alivua koti. Saa yake ya mazoezi iliisha, akaomba nyingine, na katika hiyo nyingine hakunywa chai wala hakusimulia habari za malori. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, akawa analifuta kwa bega kwa sababu hakutaka kuachia usukani. Mara ya nane akapata sabini na mbili. Akavua glavu, akakaa akizitazama.

"Leo nimekuwa mzee," alisema. Kisha akamgeukia. "Nisamehe, fundi. Unanisetia gari zuri halafu mimi nakuharibia kazi. Nitafanya yale mazoezi ya kuminya mpira. Nilikuwa nimeyaacha, unajua, nilijiona nimepona. Kosa langu."

Tusekile alisema asijali. Alipobaki peke yake alirudisha chujio mahali lilipokuwa, namba ileile, akaketi sakafuni akiegemea fremu ya kiti. Mzee angeshuka ngazi kila siku akiomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Na angefanya mazoezi ya mpira, huenda hata yakamsaidia kidogo, na yeye fundi angekuwa juu huku akimpunguzia kwa siri.

* * *

Jumatano mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mzee Gwakisa alikuja nayo, akatundika mwavuli mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye kiti.

"Kabla hujakaa, baba, nina neno."

Alimwekea stuli, na yeye akakaa kwenye nyingine, magoti yao yakikaribiana. Alimweleza yote. Hakupamba. Alimwambia chujio ni nini, limejifunzaje, na namba zake mwezi kwa mwezi. Alimwambia pia juu ya Jumanne.

Mzee alisikiliza kama watu wa umri wake wanavyosikiliza habari za msiba, kichwa kikiwa chini, bila kukatiza.

"Sabini na moja," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Tangu lini umejua?"

"Jumatatu, ulipoondoka."

"Leo Jumatano."

"Ndiyo, baba."

"Jana ukanitazama nikifuta jasho."

Mvua ilipiga bati. Mzee akasimama, akakaa kwenye kiti cha dereva, akaanza kuvaa glavu. Kidole gumba kilikataa kuingia. Tusekile alinyoosha mkono amsaidie, mzee akaurudisha kwa upole, akahangaika nacho mwenyewe hadi kikaingia.

"Liondoe lote," alisema. "Nataka nione."

Akaliondoa.

Gari lilianza kuyumba kwenye barabara iliyonyooka, kushoto, kulia, kushoto, mtetemo mdogo wa mikono ukipita wote hadi kwenye magurudumu. Kwenye kona ya kwanza mzee alivuta hendibreki mara tatu badala ya moja. Nyuma ikachomoka, akarudisha usukani, amri ikachelewa, saluni ikazunguka mara mbili ikasimama ikitazama ilikotoka.

Hakujaribu tena. Alivua glavu, akazikunja moja ndani ya nyingine kama soksi, akaziweka juu ya kiti. Akachukua mwavuli wake na kushuka ngazi taratibu, akishika ukuta.

Alhamisi hakuja.

* * *

Ijumaa asubuhi Tusekile alisikia hatua kwenye ngazi, nyepesi, si za mzee. Aliyeingia alikuwa mwanamke mfupi mwenye kilemba cha kijani na kitenge alichojifunga juu ya sweta. Walikuwa wamewahi kuonana mara moja tu, sokoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye Mama Lusajo."

Alikaa kwenye stuli, akatazama usukani, pedali, skrini iliyozimwa, kama mtu anayetazama nyumba ambayo mumewe amekuwa akienda kila siku.

"Alirudi juzi akaninyooshea funguo za pikapu," alisema. "Hakusema kitu. Akaenda kulala mchana. Jana ndipo akaniambia."

"Amenikasirikia."

"Amekukasirikia, ndiyo. Utasubiri." Akakaza fundo la kitenge. "Mimi ningepanda, unajua. Ile Jumamosi. Naiona mikono yake kila siku, mimi ndiye ninayemfunga vifungo. Lakini alikuwa na furaha, na alikuwa na ile barua ya serikali. Nikasema, kama serikali imesema anaweza, mimi ni nani? Ningepanda, na wale watoto ningewapakia kwa mikono yangu."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Kisha akafuta kitu kwenye jicho kwa ncha ya kitenge.

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu," alisema kwa Kinyakyusa chao. "Nimekuja kusema hilo tu. Mengine ataongea mwenyewe, yuko hapo chini, anajifanya anauliza bei ya mbolea."

Mzee Gwakisa alipanda baada ya muda. Hakumsalimia Tusekile hadi alipomaliza kukung'uta viatu.

"Kesho ni mashindano ya ligi kule Mbeya," alisema.

"Naweza kukuondoa kwenye orodha, baba. Nitampigia Bwana Anyosisye sasa hivi."

"Sijasema uniondoe." Akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja chini, akaiacha itetemeke wote watatu wakiitazama. "Nisetie gari la mikono hii. Siyo ya mwaka jana. Hii."

Walianza saa tatu, chujio likiwa limeondolewa. Tusekile alitupa karibu kila alichokuwa amekijenga kwa miaka miwili. Saluni ile nyepesi aliiweka kando, akachukua gari refu zaidi, zito mbele, maana gari refu hutoa mkia polepole na humpa dereva muda wa kufikiri. Akapunguza nguvu za injini kwa theluthi moja. Akaufanya usukani uwe mzito, na katikati yake akaacha ulegevu wa upana wa vidole viwili, ili mtetemo uishie humo humo usifike kwenye magurudumu. Hendibreki akaibadilisha: haikujibu mvuto mfupi tena, ilitaka ivutwe kwa bega. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomwendeshea mzee. Vilikuwa springi, uzito na nafasi, vitu ambavyo fundi yeyote angeweza kumfungia mtu yeyote.

Mzee aliendesha, akaendesha tena, akasema zito mno, jepesi mno, hapo sawa. Mama Lusajo alikuwa ametoa uzi, anafuma, akiinua macho kila tairi zilipolia. Kufikia saa sita gari lilikuwa likimaliza kona zote kumi na tisa. Lilikuwa baya kulitazama, lakini lilimaliza.

"Yule mwingine yupo wapi?" mzee aliuliza ghafla.

"Nani?"

"Wa mwaka jana. Bado umemhifadhi?"

Alikuwa amemhifadhi. Mashindano yalikuwa na raundi ya wawili wawili, mmoja anatangulia na mwingine anamfuata kwa karibu, na mazoezi ya raundi hiyo yaliruhusu gari lolote lililorekodiwa kutangulia. Tusekile akaitoa ile saluni nyepesi, akaipa chujio peke yake liiendeshe, akaiweka mbele ya gari refu la mzee.

Wakaondoka pamoja. Saluni ililala ubavu kwenye kona ya kwanza kwa ule mvuto mmoja mfupi, na mzee nyuma yake akacheka kidogo puani. Hakuna dereva anayejiona kwa nyuma. Alimfuata akiachwa mita tano, mita kumi, akimtazama anavyopishanisha mikono isiyoonekana, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemtazama mtoto wake uwanjani.

Kwenye kona ya saba akasema, "Anachelewa."

"Nani?"

"Huyu. Anachelewa kurudisha mafuta, ndiyo maana anatoka nje sana. Nilikuwa nafanya hivi siku zote?"

Tusekile akatazama kumbukumbu. "Siku zote, baba. Nilidhani ndivyo upendavyo."

"Nilikuwa sijui."

Wakaanza upya. Kwenye kona ya saba mzee alirudisha mafuta mapema, mikono ikitetemeka juu ya ule usukani mzito, na gari refu likapita ndani, karibu kabisa na ukingo, saluni ikiwa imepanuka kwenda nje. Kwa urefu wa kona moja tu walikuwa sambamba. Kisha saluni ikaondoka tena, ikamwacha, ikaingia kwenye ukungu wa kona ya nane.

Mzee hakuikimbiza.

* * *

Ukumbi wa Mbeya ulijaa Jumamosi. Wengi walikuja kumwona Mzee Tisini, kama walivyomwita. Alipoketi na gari refu badala ya saluni, minong'ono ilipita kwenye viti, na alipomaliza mzunguko wake wa kwanza wakainua macho kwenye ubao wa alama.

Sitini na moja.

Gari halikuzunguka hata mara moja, halikugonga ukingo. Lakini ilikuwa sitini na moja, na chini ya sabini kompyuta ya ligi ilipeleka taarifa yenyewe kwenye ofisi ya leseni. Mzee alilijua hilo alipokuwa akivaa glavu.

Bwana Anyosisye alimfuata na kipaza sauti, kama ilivyokuwa desturi, akamuuliza kwa heshima kama gari lilikuwa na hitilafu.

"Gari ni zuri," mzee alisema. "Nisikilizeni kidogo. Zile tisini na nne zilikuwa za mashine iliyojifunza mkono wangu nilipokuwa mzima. Nilikuwa sijui. Nimeambiwa wiki hii. Naomba mzifute, tangu mwezi wa tatu. Hii sitini na moja iandikeni, hii ni yangu."

Tusekile akasimama kwenye viti vya mafundi. "Chujio nililifunga mimi," alisema. "Nilitakiwa kulikagua kila mwezi. Sikulikagua, kwa sababu tulikuwa tunashinda."

Kamati ilikaa nusu saa. Alama zikafutwa. Tusekile akasimamishwa kusetia magari ya ligi hadi mwisho wa msimu, na machujio yote ya mkoa yakatakiwa kukaguliwa kabla ya raundi ijayo. Yalikutwa mengine manne ya namna hiyo. Mmoja wa wenye machujio hayo, Anyosisye alimnong'oneza Tusekile baadaye, alikuwa dereva wa basi la shule.

Nje ya ukumbi mzee alimsubiri chini ya ukingo wa paa, mvua ikiwa imeanza tena.

"Msimu mzima," alisema.

"Stahili yangu, baba."

"Nusu yake stahili yako." Akafikiri. "Kwa ile Jumanne nilikukasirikia kweli. Bado kidogo nimekukasirikia. Jumatatu nitakuja, lakini nitakuja nikiwa na hiyo kidogo."

"Njoo nayo."

* * *

Hakuja Jumatatu ile, kwa ajili ya maandalizi ya harusi. Alikuja iliyofuata, akiwa na mkewe, na kapu la ndizi na kipande cha keki kilichofungwa kwenye karatasi. Tusekile hakuwa na kazi ya ligi, alikuwa akifungua pedali ili azisafishe. Wakakaa watatu wakila keki, mzee akiinamia chai yake mezani bila kuficha mkono.

Waliteremka salama, alisimulia. Lusajo ndiye aliyeendesha ile pikapu. Yeye alikaa pembeni, mguu wa kulia ukikanyaga breki ambayo haikuwepo, hadi mwanawe akamwomba auweke mguu sehemu nyingine. Mashamba ya chai yalikuwa na mawingu. Hakuwahi kuyaona vizuri mashamba yale, alisema, miaka yote alikuwa akitazama lami.

"Lakini huyu," alisema akimwonyesha mkewe kwa kidevu, "hakuona hata jani moja. Alilala toka tunaingia mteremkoni mpaka Kyela. Lusajo anapiga breki ovyo ovyo, mwenzangu anakoroma."

"Nilichoka na kupika," alisema Mama Lusajo.

"Wewe ni mtu wa kulala safarini tu. Hata zama za malori, nikikupakia, mteremko ukianza tu, nikigeuka nakukuta umelala. Miaka arobaini na mbili."

Mama Lusajo alikunja karatasi ya keki mara mbili, akaiweka kwenye kapu.

"Zama za malori nilikuwa silali, nilikuwa nafumba macho tu, Baba Lusajo," alisema.

Mzee akamtazama. Tusekile akageukia pedali zake, akachukua brashi, akaanza kusugua taratibu vumbi lililokuwa kwenye springi ya breki.